Darubini Juu ya Dungu

Siku zangu 28 za likizo ya mwaka nazigawa mara mbili. Wiki mbili nazichukua Disemba, mvua za kwanza zinapoanguka, na wiki mbili nyingine Machi, mtama unapotoa masuke. Wenzangu ofisini hapa Dar es Salaam wamekwisha kuzoea, ingawa hawajaelewa. Kwao likizo ni Unguja, au Moshi wakati wa Krismasi, na ninapowaambia kwamba nakwenda Bahi, mkoani Dodoma, kutazama ndege huniuliza kama huko kuna hifadhi ya taifa. Hakuna. Kuna kaya ya mama yangu, mwendo mfupi kutoka barabara ya Singida, yenye nyumba mbili za bati, tembe moja ya zamani ambayo hakuna aliye na moyo wa kuibomoa, zizi la ng'ombe, mibuyu mitatu, na shamba la mtama na uwele linaloanzia nyuma ya zizi na kuishia kwenye korongo ambalo hupata maji miezi mitatu au minne tu kwa mwaka.

Ni lazima nieleze kwanza habari ya majira, maana ndiyo yanayoendesha kila kitu nitakachosimulia. Katika nchi ya Ugogo hatuna masika na vuli kama watu wa pwani. Tuna msimu mmoja tu wa mvua, kifuku, unaoanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Disemba na kumalizika Aprili. Mvua yenyewe ni milimita 570 hivi kwa mwaka wa kawaida, tena hukatika katikati, mara nyingi Februari, kwa wiki mbili au tatu za jua kali linalomkosesha mkulima usingizi. Miezi iliyobaki ni kiangazi: upepo, vumbi, na mibuyu iliyosimama uchi. Wasafiri wengi huiona nchi yetu kupitia dirisha la basi mwezi Agosti au Septemba, wakahukumu kwamba ni jangwa, nami sipendi kuwabishia kwa sababu kwa mwezi huo hawajakosea sana. Lakini aje msafiri huyo huyo wiki ya tatu baada ya mvua ya kwanza. Atakuta mibuyu imevaa majani, mikole imechipua, mlenda wa porini umeota kando ya kila njia na watoto wametumwa kuuchuma kabla jua halijapanda. Zaidi ya yote atasikia kelele, maana kiangazi kina ukimya wake, lakini kifuku ni sauti za ndege tangu alfajiri hadi vyura wapokee zamu.

Mwaka wa kwanza nilipofika na darubini shingoni, mama alikuwa amekaa chini ya mbuyu akibangua karanga za mbegu. Aliniitikia shikamoo yangu, akaitazama ile darubini, akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kutazamia ndege. Akauliza ndege gani, na wako wapi. Nikamjibu kwamba ni hawa hawa wa hapa nyumbani.

"Utoto wako wote nilikuwa nakupigia kelele uwatazame," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye karanga zake, "nawe ukawa unasinzia dunguni. Leo umetoa fedha kununua kitu cha kuwatazamia?"

Sikuwa na jibu, na kwa kweli makala hii ndefu ni jaribio langu la kumjibu.

Watoto wa siku hizi mjini hawalijui neno kuamia, na hata kompyuta yangu inalipigia mstari mwekundu kila ninapoliandika. Kuamia ni kulinda mazao yasiliwe na ndege. Anayeamia hujengewa dungu, yaani ulingo wa miti uliosimama katikati ya shamba, wenye kitanda cha fito na wakati mwingine kijipaa cha nyasi, na silaha zake ni debe la kupiga, kombeo, fimbo nyembamba ya kurushia vidonge vya udongo mbichi, na koo. Kazi huanza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu ndege huamka na njaa, hupumzika kidogo jua linapokuwa la utosi, kisha huanza upya alasiri hadi giza liingie. Mimi niliamia tangu nikiwa na miaka saba hadi nilipokwenda sekondari ya bweni. Ninakubali kwamba nilisinzia. Ninakubali pia kwamba kuna siku niliikosa shule kwa ajili ya uwele, na jambo hilo sitalipamba kwa maneno ya kumbukumbu tamu, kwa sababu halikuwa tamu. Jambo moja tu nililiweza vyema kuliko kaka zangu, nalo ni kombeo: jiwe langu lilikuwa linakwenda nilikolituma.

Mtoto anayeamia hajifunzi ndege kwa mapenzi. Anawajifunza jinsi mlinzi wa soko anavyowajua vibaka, kila mmoja kwa mtindo wake wa kuiba. Kanga huja mapema, wakati wa kupanda, akatembea kwenye mstari na kufukua mbegu moja moja kama aliyeajiriwa. Tetere huokota zilizodondoka, na huyo tulimwachia. Cherero, kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano, huja kwa makundi madogo yenye fujo, akang'ang'ania suke kwa miguu na kulichambua punje kwa punje, tena hukaa hapo hapo akila huku ukimpigia kelele. Mnana huiba kwa kujificha. Kisha kuna kwelea, naye hahesabiki pamoja na hao wengine, kwa sababu hao wengine ni wezi na kwelea ni msiba.

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kusoma kwa nini kwelea huja namna anavyokuja, na kusoma huko ndiko kulikonifanya ninunue darubini. Kwelea ni ndege mdogo kuliko shomoro, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, na wataalamu humtaja kuwa ndege wa mwituni walio wengi kuliko wote duniani. Chakula chake cha asili si mtama wetu bali ni mbegu za majani ya porini, ambazo kiangazi chote huwa zimelala juu ya ardhi kavu. Mvua za kwanza zinaponyesha, mbegu hizo huota zote kwa pamoja, na ghala la kwelea linageuka kuwa majani mabichi ndani ya siku chache. Hapo hulazimika kuondoka. Huruka mbali, akiyapita mawingu ya mvua, hadi sehemu ambayo ilinyeshewa wiki nyingi kabla na ambayo majani yake yamekwisha kuzaa mbegu mpya. Kisha hurudi akiufuata nyuma msimu ule ule wa mvua, na kila anapokuta mbegu changa na wadudu wa kutosha hujenga na kuzaa. Tangu kusuka kiota hadi mtoto kujitegemea ni wiki sita hivi tu, na maelfu kwa maelfu ya jozi hufanya hivyo kwa wakati mmoja kwenye migunga ya eneo moja. Kwelea mmoja hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku. Kidogo sana, lakini kundi la kwelea milioni moja litakuwa limekula tani 10, na makundi ya namna hiyo si hadithi.

Niliposoma maelezo hayo nilimkumbuka bibi yangu, mzaa mama, ambaye mwezi Disemba alikuwa akitazama shamba tupu lililoberegwa, yaani lililokwanguliwa juu juu kwa jembe bila kulimwa kwa kina, akasema kwamba wamekwenda kutafuta mvua ya wenzetu, watarudi. Nilidhani ni msemo wa kizee tu. Kumbe ulikuwa muhtasari wa sura nzima ya kitabu.

Mama ana malalamiko yake ambayo kila Machi lazima niyasikie, na nadhani ni ya haki. Zamani kijiji kizima kilipanda mtama wa kienyeji unaochukua muda mrefu, na baadhi yake ulikuwa mwekundu wenye uchungu ambao ndege hawaupendi. Sasa watu wanapanda mtama mweupe wa muda mfupi, kama Macia, kwa sababu unawahi kabla mvua haijakatika na kwa sababu wanunuzi wanautaka. Hilo ni jema, lakini shamba linalowahi kuiva peke yake ndilo linaloitwa karamu. Wakati mwingine ndege ya kunyunyizia dawa inakuja, na watoto wanaonywa wasiokote kwelea waliokufa. Dawa hiyo haichagui, na siku mbili tatu baadaye huwa nawaona mwewe na bundi waliokufa baada ya kula mizoga. Upande wa Kondoa wana desturi ya kuwatega kwelea na kuwala, na sijui kwa nini sisi tulioko kusini mwao tumekuwa tukicheka jambo hilo badala ya kuliiga. Nimewaonja, na ni watamu.

Lakini nimesema nitaandika juu ya kaya, si juu ya vita peke yake.

Ninayempenda kuliko wote hapa nyumbani ni hondohondo. Nyuma ya tembe kuna kichuguu kikubwa cha zamani ambacho mchwa walikihama, na ndani yake wanaishi vitafe, wale nguchiro wadogo kuliko wote, wenye rangi ya udongo na mikia iliyonyooka. Asubuhi ya Disemba, kama saa moja na nusu, mimi hukaa na kikombe cha chai kwenye kinu kilichopinduliwa, mita 20 hivi kutoka kichuguuni, na mara nyingi hondohondo huwa wamenitangulia. Huwa wawili, dume na jike, wa aina ile ambayo dume ana mdomo mwekundu wenye ncha nyeupe kama pembe, na jike ana mdomo mweusi mtupu. Wanakaa kwenye tawi la mgunga lililo juu ya kichuguu na kusubiri. Vitafe ni wavivu wa asubuhi. Anatoka mmoja, anasimama mlangoni, anajikuna, anarudi ndani. Anatoka mwingine na kufanya vivyo hivyo. Siku moja walichelewa sana, na nikamwona yule dume akishuka, akatembea kwa kurukaruka hadi kwenye tundu, akainamisha kichwa na kuchungulia ndani, kisha akatoa sauti yake ile ya kukatakata, kama mtu anayegonga mlango wa jirani aliyekubaliana naye kwenda shamba pamoja. Vitafe wakatoka.

Wakishatoka, wanakwenda wote kwa pamoja. Vitafe hufukua na kupekua majani makavu, panzi wanaruka, hondohondo wanawadaka. Na kwa malipo yao, hondohondo hutazama juu. Akipita kipanga, hondohondo hupiga kelele na vitafe huzama kwenye tundu la karibu. Watafiti waliochunguza jambo hili katika nyika ya Taru, upande wa Kenya, waliandika miaka ya 1980 kwamba hondohondo hutoa onyo hata kwa ndege wawindaji wasio tishio kwa hondohondo mwenyewe, bali kwa nguchiro tu. Nilipolisoma hilo sikushangaa, kwa sababu nilikwisha kuliona nikiwa juu ya kinu. Ninachoshangaa ni kwamba niliishi pale miaka 13 bila kuliona hata mara moja, wakati kichuguu kilikuwa pale pale na hondohondo walikuwa pale pale.

Mwaka juzi jozi hiyo ilizaa kwenye tundu la mbuyu ulio karibu na zizi. Jike aliingia, na mlango ukazibwa kwa udongo na kinyesi hadi ukabaki ufa mwembamba tu, wa kupitishia ncha ya mdomo. Humo ndani hutaga, huatamia, na hunyonyoka manyoya ya mabawa yake, kiasi kwamba hata angetaka kuruka asingeweza. Chakula chake chote kinaletwa na dume. Kwa muda wa wiki mbili nilihesabu safari zake nilipokuwa na nafasi: panzi, mjusi mdogo, tunda la mkole, panzi tena. Mama, ambaye alikuwa akijifanya hatazami, siku moja alipita na ndoo ya maji akasema, "Huyo mume hajapumzika tangu asubuhi." Tangu hapo alianza kuniletea taarifa. Ilikuwa ushindi wangu wa kwanza.

Cherero niliokuwa nawapiga mawe utotoni sasa huja kunywa kwenye birika la ng'ombe jioni. Asili yao ni Tanzania peke yake, nyika hizi za kati na kaskazini, na waliopo kwenye vizimba vya watu Ulaya na Marekani ni uzao wa waliochukuliwa huku. Kwenzi wa rangi ya majivu, mwenye mkia mrefu na jicho jeupe, ambaye hapatikani kwingi nje ya nchi yetu, huokota makombo karibu na jiko kama kuku. Wageni hulipa fedha nyingi kusafiri hadi Ruaha ili waweze kumtia alama kwenye orodha zao, wakati mama humfukuza kwa mwiko. Yangeyange hufuata ng'ombe, mwewe hufuata vifaranga, na hayo kila mtu anayajua.

Jioni ya kumbikumbi, hata hivyo, sitaipita haraka. Huwa ni siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, hewa ikiwa imetulia na ardhi ingali ina unyevu. Kama saa kumi na moja na nusu ardhi huanza kufuka kumbikumbi kutoka kwenye nyufa ambazo mchana hukuziona, na kila chenye mdomo hukusanyika. Kuku hukimbia bila adabu. Watoto huweka masufuria, na mama hutafuta kikaango. Chini wako kwenzi na hondohondo, na juu yao mbayuwayu wanakata hewa kwa mamia. Juu zaidi, kama una darubini, utaona kozi wadogo wakidaka kumbikumbi kwa makucha na kuwala hewani bila kutua. Jioni moja ya Disemba nilitambua kwamba baadhi ya kozi wale walikuwa wa aina inayozaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, ambayo kila mwaka huvuka Bahari ya Hindi kutokea India hadi kufika Afrika. Ndege mdogo kama njiwa, amevuka bahari nzima, na hapo alikuwa juu ya zizi letu akila kumbikumbi wa kwetu.

Mbayuwayu nao ni wasafiri. Wanafika Septemba na Oktoba na kuondoka Machi na Aprili. Katika Ulaya wanajenga viota ndani ya mabanda ya ng'ombe, na watu wa huko huwahesabu kuwa dalili ya kuanza kwa majira ya joto. Hapa hawajengi. Wanakula, wanalala kwa maelfu kwenye matete, wanabadilisha manyoya na kunenepa. Niliwahi kumweleza mama kwamba wakati theluji iko kwao, hawa hukimbilia kwetu. Alifikiri kidogo, akasema kwamba basi wana akili, maana wamechagua miezi ambayo sisi tuna chakula. Na ndivyo ilivyo kwa wageni karibu wote wa kifuku: keremu wa Ulaya, kambu wa Ulaya, korongo weupe, na yule korongo mdogo mweusi mwenye tumbo jeupe ambaye huzaliana ukanda wa Saheli, mara nyingi juu ya mapaa ya nyumba za vijijini, kisha hushuka kusini kuifuata mvua. Huyo wa mwisho akionekana kwa makundi angani, wazee wetu huenda kunoa majembe.

Ziko pia siku za kutoka. Safari yetu ya kawaida ni kwenye majimaji ya Bahi, ambako Mto Bubu, unaotoka upande wa Kondoa, humwaga maji yake kwenye bonde lisilo na njia ya kutokea. Maji huingia, hutandaa, hukaa kwa kina kifupi, na hatimaye hunyauka kwa jua. Kandokando yake kuna majaruba ya mpunga, na ndani yake kuna kambare na perege, wavuvi wa mitumbwi, na ndege wasio na idadi.

Hapa naomba nifafanue neno moja. Mtu wa Dar es Salaam akisikia mbuga, anafikiri simba na magari ya watalii. Kwetu mbuga ni bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu, na kifuku hugeuka gundi. Januari iliyopita, kwa kuwa niliongeza siku chache zisizo na malipo, nilikodi bodaboda na kumpakia mpwa wangu, mtoto wa kaka, tukawa watatu kwenye pikipiki moja, kinyume cha sheria na cha busara. Dereva alituhakikishia kwamba njia ya mkato imekauka. Juu ilikuwa imekauka kweli. Tulikwenda mita 200, kisha udongo ukaanza kujikunja kati ya gurudumu na madigadi hadi gurudumu la mbele likagoma kabisa kuzunguka. Tulishuka. Tulikwangua kwa vijiti, tukasukuma mita 10, tukakwangua tena. Kiatu changu kimoja kilibaki mbugani na nadhani kipo hadi leo. Kijana yule wa bodaboda hakusema neno kwa nusu saa, kisha akaniuliza kwa heshima zote, "Mama, hawa ndege huko kwenu Dar hawapo?"

Tulifika saa nne, muda ambao kila mwongozo wa kutazama ndege utakuambia umechelewa. Haikuwa na neno. Mwari walikuwa wakivua kwa pamoja, wakizamisha midomo kwa wakati mmoja kama wanakwaya. Koikoi alisimama kwenye tuta la jaruba bila kutikisika, na mwanamke aliyekuwa akipandikiza mpunga hatua 15 kutoka hapo naye hakumjali. Juu ya majani ya maua ya maji alitembea sile-maua, mwenye vidole virefu kuliko mwili unavyostahili. Nilimweleza mpwa wangu kwamba kwa ndege huyu dume ndiye anayeatamia mayai na kulea, na jike huenda kutafuta dume mwingine. Mvuvi aliyekuwa akitengeneza wavu wake alisikia, akacheka hadi akauweka chini, akaomba nirudie ili mwenzake naye asikie.

Naandika yote kwenye daftari la shule la kurasa 96: tarehe, mvua, aina, anafanya nini. Safu ya mwisho ni jina. Vitabu vyote nilivyo navyo vimeandikwa kwa lugha za kigeni, na ndege wengi humo wamepewa majina ya Wajerumani na Waingereza waliopita mara moja. Hondohondo wangu mwenyewe anaitwa kwa jina la baroni von der Decken, mtu wa karne ya 19. Sina ugomvi naye. Lakini mpwa wangu aliponiuliza huyo baroni alikuwa akikaa kijiji gani, niliona kwamba safu ile ya jina inahitaji kujazwa upya, na tangu hapo mama amekuwa akiniandikisha majina ya Kigogo jioni, huku akinisahihisha matamshi mbele ya wajukuu.

Machi mwaka huu nilifika usiku kwa treni ya mwendokasi hadi Dodoma, nikalala kwa rafiki, na kesho yake kabla ya adhuhuri nilikuwa dunguni pamoja na mpwa wangu. Uwele ulikuwa umeanza kukomaa na mtama ulikuwa unachanua. Kwelea walikuwepo, lakini wachache, vikundi vya mia mia, vikishuka kwenye majani ya porini kando ya korongo. Nilimpa darubini. Alizoea kuniibia kwa dakika moja moja; safari hii alikaa nayo muda mrefu, kimya, viwiko vikiwa vimeegemezwa kwenye fito.

"Shangazi, yule si kwelea. Mdomo wake ni wa njano."

Nilichukua darubini. Alikuwa kwelea, jike. Mdomo wa kwelea ni mwekundu, lakini wa jike hugeuka manjano wakati wa kuzaa na hurudia wekundu baadaye. Nikamtafuta mwingine, naye ulikuwa wa manjano. Na wa tatu. Moyo ulinienda mbio, kwa sababu maana yake ilikuwa moja tu: walikuwa wakijenga mahali fulani karibu, na katika wiki tano au sita watoto wao wangeruka kwa maelfu, wakati mtama wetu ukiwa unakomaa. Baada ya miaka yote ya kuchekwa, nilikuwa na habari ambayo ingelifaa shamba. Niliteremka dungu kwa haraka isiyolingana na umri wangu, nikapita katikati ya mtama, nikamkuta mama jikoni na kumweleza yote, mdomo, rangi, wiki.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Tangu juzi najua," alisema. "Wanapita hapa na majani mabichi midomoni, wanakwenda kwenye migunga ya ng'ambo ya korongo. Nimekwisha kumtuma kaka yako kumwambia mwenyekiti wa kitongoji, na majirani tumepanga zamu." Aliinuka, akaingia ndani ya tembe, akarudi na kamba ya katani iliyosukwa, yenye mfuko mdogo katikati, ambayo nilidhani ilipotea kabla sijamaliza shule. "Hiyo miwani yako mwachie mtoto, ana macho. Wewe kesho asubuhi uko upande wa korongo."

Jioni hiyo nilikwenda nyuma ya zizi na kujaribu mawe matatu. La kwanza lilikwenda kombo.